Sindano 21 na Njia ya Taru

Sindano 21 katika siku 14: hiyo ndiyo ratiba iliyowekwa Marekani katika miaka ya 1980 kwa mgonjwa aliyetoka kupasuliwa glakoma, ugonjwa ambao watu wengi wanauita presha ya macho. Madaktari wa Miami walichapisha majaribio yao ya kwanza mwaka 1984, na utafiti mkubwa uliofuata, ambao matokeo yake yalianza kutoka 1989, ukaweka hesabu kamili: mgonjwa adungwe mara mbili kwa siku juma la kwanza, kisha mara moja kwa siku juma la pili. Kila sindano inaingia chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, ikipeleka dawa ya kuzuia kovu, na kila sindano inataka daktari wa macho, ganzi, mashine ya kuchungulia jicho, na mgonjwa aliye karibu. Sasa ichukuliwe ratiba hiyo ipelekwe Taru, huko Kinango, kwenye barabara kuu na reli ya Mombasa kwenda Nairobi. Mduruma wa Taru anayemtafuta daktari wa macho wa pwani ya kusini hupanda matatu akateremka Samburu, Mariakani na Mazeras hadi Mombasa, akavuka kivuko cha Likoni, akashika njia ya Ukunda. Au akakata bara kwa bara kupitia Kinango na mji wa Kwale. Kwenda na kurudi ni siku nzima, tena magari yakipatikana. Siku 14 mfululizo, jicho limefunikwa, na mtu wa kumshika mkono ameacha mifugo na shamba: ratiba hiyo haikutungwa kwa ajili yake.

Hoja ninayoijenga hapa ni kwamba neno "nadra", ambalo hatulikosi katika maelezo yoyote ya madhara ya dawa hizi, halina maana moja kila mahali. Miami au Tokyo, nadra ni hesabu ya matukio: katika macho mia, mangapi yalipatwa. Taru, nadra ni hesabu hiyo pamoja na mwendo uliopo kati ya jicho lililopatwa na mkono unaoweza kuliokoa. Nikiipima historia ya dawa za kuzuia kovu kwa kipimo hicho cha pili, naona jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Madaktari wa Afrika walioziacha sindano za kila siku wakashika sponji iliyoloweshwa dawa mara moja tu, mgonjwa akiwa bado mezani, hawakuwa wakifanya tiba ya kizungu kwa upungufu. Walikuwa wamelijibu swali ambalo ratiba ya Miami haikuliuliza: baada ya leo, nani atakuwa na jicho hili?

Taru yenyewe imepimwa kwa mwendo tangu zamani. Johannes Rebmann alipita huko 1848 akielekea Kilimanjaro, na Joseph Thomson akapita 1883 akiwa njiani kwenda nchi ya Wamasai. Wapagazi wa misafara waliijua kwa ngurunga zake, yale mashimo ya mwambani yanayoweka maji ya mvua, kwa sababu mbele yake kulikuwa na mwendo mkavu hadi kilima cha Maungu, na aliyekosea hesabu ya maji pale aliweza kupoteza maisha. Reli ilipofika nyika hiyo mwishoni mwa miaka ya 1890, wajenzi kutoka India walipelekewa maji kwa treni. Wageni wakaiandika katika ramani zao kuwa jangwa. Waduruma hawakuwa na sababu ya kuiita hivyo: kwao ilikuwa malisho, tena mahali penye kanuni za maji ambazo mwenyeji alizijua na mpita njia hakuzijua. Nalitaja hili kwa makusudi. Mahali hapo hapo palikuwa pa kupita haraka kwa mmoja na pa kuishi kwa mwingine, na hatari ya ngurunga iliyokauka haikuwapata wote wawili kwa namna moja.

Ili ieleweke kwa nini sindano zilibuniwa, ni lazima kurudi kwenye upasuaji wenyewe. Glakoma huua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, polepole, kuanzia pembeni mwa upeo wa macho, kwa kawaida bila maumivu. Mara nyingi msukumo wa maji ndani ya jicho huwa umepanda, na tiba zote tulizo nazo zinaushusha msukumo huo. Kilichokwisha kufa hakirudi. Albrecht von Graefe wa Berlin alionyesha 1857 kwamba kisu kinaweza kuishusha presha katika baadhi ya macho. Robert Henry Elliot, akifanya kazi Madras nchini India, akaanza 1909 kutoboa tundu la duara ukingoni mwa weupe wa jicho ili maji yatoke. Kisha mwaka 1968 John Cairns wa Cambridge akaeleza upasuaji unaoitwa trabekulektomi, ambao hadi leo unafanywa sana: daktari huinua utando, hukata kijifuniko katika weupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, hukishona kijifuniko bila kukibana, kisha huurudisha utando mahali pake. Maji hupenya na kujikusanya chini ya utando, yakafanya lengelenge dogo lililojificha nyuma ya kope la juu. Lengelenge hilo likiwa hai, jicho lina njia ya kupumua. Likizibwa na kovu, presha hurudi pale pale ilipokuwa, na mgonjwa huendelea kupofuka huku akiamini kwamba alishatibiwa.

Adui, basi, alikuwa ni uponaji wenyewe. Dawa zilizochaguliwa kupambana naye zilitoka mbali na macho. Fluorourasili ilitengenezwa 1957 na Charles Heidelberger na wenzake Marekani kwa ajili ya saratani: huzizuia chembe za mwili zisitengeneze kinasaba kipya, kwa hiyo chembe zinazogawanyika kwa kasi, zikiwemo zile zinazofuma kovu, hukwama. Mitomaisini ilipatikana Japani katika miaka hiyo hiyo ya 1950 kutoka kwa vijidudu vya udongo, nayo ni kali zaidi, kwa kuwa hufunga kinasaba kwa namna inayoweza kuiua hata chembe iliyotulia. Daktari Chen wa Taiwan aliripoti 1983 kuitumia katika upasuaji wa glakoma. Kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja hivi zilizuka njia mbili pande mbili za dunia: Taiwan iliigusisha dawa kwenye jicho wakati wa upasuaji na kumaliza, Miami ilimwita mgonjwa arudi, na arudi tena.

Njia ya Miami ilifanya kazi, na haki yake ipewe. Utafiti ule uliwachukua wagonjwa 213 wenye macho ambayo yalikwisha kupasuliwa kwa mtoto wa jicho au ambayo lengelenge la kwanza lilikufa, yaani macho yenye hatari kubwa ya kovu. Baada ya miaka mitano, upasuaji ulikuwa umeshindwa katika asilimia 51 ya waliodungwa sindano na asilimia 74 ya wasiodungwa. Lakini dawa isiyochagua chembe huumiza na chembe njema. Ngozi ya juu ya kioo cha jicho hujifanya upya kila siku, na sindano hizo ziliichubua kwa wagonjwa wengi, wakakaa na maumivu na machozi. Jeraha la utando nalo lilivuja kwa urahisi zaidi: mivujo iliyochelewa, ile ya baada ya miezi au miaka, ilitokea kwa asilimia 9 ya waliodungwa na asilimia 2 ya wengine.

Chini ya hayo ya kawaida yako yale yaliyoripotiwa mgonjwa mmoja mmoja, na hapo ndipo neno nadra linapotakiwa kuchunguzwa. Fluorourasili ya sindano ina ukali wa magadi, na ikipenya tundu la upasuaji ikaingia ndani ya jicho inaweza kuua chembe za nyuma ya kioo ambazo mwili hauzioteshi tena. Sponji nayo ina ajali yake: kipande kinaweza kubaki chini ya utando, ndiyo maana huhesabiwa zinapoingia na zinapotoka. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walieleza mistari ya rangi ya kahawia iliyotambaa juu ya kioo cha jicho baada ya sindano hizi, katika macho yenye rangi nyingi kuzunguka mboni. Rangi ile ile inayokaa ukingoni mwa jicho la Mwafrika ilikuwa imevutwa na chembe zilizokuwa zikikimbilia kuziba mchubuko. Mistari hiyo kwa kawaida hufifia yenyewe. Hata hivyo inafundisha kitu: dhara ambalo katika kundi la wagonjwa wa Ulaya lingeweza lisionekane kamwe, katika kundi la Waduruma na Wadigo lingekuwa na kila sababu ya kuonekana. Unadra wa tukio hutegemea pia ni macho ya nani yaliyohesabiwa.

Sasa sponji. Peter Egbert na wenzake walichapisha 1993 utafiti wa Ghana ambamo fluorourasili iliwekwa mara moja tu wakati wa upasuaji. Mwaka 2001 David Yorston, aliyekuwa daktari katika kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu hapa Kenya, pamoja na Peng Khaw wa London, walitoa matokeo ya jaribio lao Afrika Mashariki: wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa sponji yenye dawa kwa dakika chache, wengine bila dawa. Waliowekewa dawa walifanikiwa zaidi, kwa gharama ndogo na bila ongezeko la madhara makubwa. Ratiba ya majuma mawili ilikuwa imekunjwa ikaingia katika dakika tano. Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa uamuzi wa umaskini, na sindano zingetolewa kama kungekuwa na vitanda na nauli. Silikubali hilo, kwa sababu London yenyewe, yenye vitanda, treni na madaktari, ilielekea huko huko, na sindano za baadaye zikabaki kwa jicho ambalo lengelenge lake limeanza kuonyesha dalili za kuzimika. Hitaji la Kikuyu na la Ghana liliwalazimisha watu kuuliza mapema swali ambalo kila hospitali ilipaswa kuliuliza.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka upande mwingine. Litasema: sponji imeondoa mateso ya majuma mawili ya kwanza, lakini haijaondoa hatari ya miaka inayofuata. Lengelenge lililotengenezwa kwa dawa, hasa mitomaisini, mara nyingi huwa jembamba na jeupe, lisilo na mishipa ya damu, na ukuta wa namna hiyo siku moja unaweza kupitisha vijidudu. Maambukizi yakiishia kwenye lengelenge, matone ya antibiotiki hutosha. Yakizama ndani ya jicho, vijidudu kama streptokokasi huweza kumaliza uoni katika siku moja au mbili, na tiba ni antibiotiki inayodungwa ndani kabisa ya jicho, haraka. Hesabu bora tunayo kutoka Japani: macho 1,098 yaliyopasuliwa kwa mitomaisini yalifuatiliwa kwa miaka mitano, na asilimia 2.2 yakapata maambukizi. Palipokuwa na mvujo, hatari ilipanda hadi kiasi cha asilimia 8. Nadra, basi. Lakini katika utafiti ule kila jicho lilitazamwa kila miezi sita kwa miaka yote mitano. Mvujo uliweza kuonwa kabla ya vijidudu kuuona, na mgonjwa mwenye jicho jekundu alijua mlango wa kubisha. Asilimia 2.2 ni hesabu ya Japani na mfumo wake wote nyuma yake. Ukiichukua asilimia peke yake ukaileta Taru, umeleta namba ukaacha kilichoizaa.

Nalikubali pingamizi hilo lote, isipokuwa hitimisho ambalo wengine hulitoa, kwamba basi mgonjwa wa mbali apasuliwe bila dawa. Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya jambo hili ulitoka Afrika Kusini na kuchapishwa 2006. Wagonjwa 450 walipasuliwa, na kwa nusu yao jicho liliguswa mara moja, mwisho wa upasuaji, kwa kifaa kidogo chenye mnururisho unaozuia kovu, badala ya dawa. Baada ya mwaka mmoja upasuaji ulikuwa umeshindwa kwa asilimia 30 ya wasioguswa na asilimia 5 ya walioguswa. Asiyezuia kovu hajaepuka hatari: amebadilisha hatari ya wachache iliyo wazi kwa hatari ya wengi iliyo kimya. Presha iliyorudi haiumi. Mzee wa Taru hataambiwa na jicho lake kwamba lengelenge limekufa. Atajua pale atakaposhindwa kumwona ndama aliye kandoni mwake, na hapo mshipa umekwisha kufa.

Utafiti huo huo unatupa jambo la thamani zaidi, ambalo naona halijatiliwa maanani ya kutosha. Mnururisho nao ulikuwa na dhara lake: katika miaka miwili, mtoto wa jicho wa kuhitaji upasuaji aliwapata kiasi cha asilimia 17 ya walioguswa na asilimia 3 ya wasioguswa. Kwa kipimo cha namba peke yake, dhara hili ni baya mara nyingi kuliko maambukizi ya asilimia 2. Kwa kipimo cha njia ya Taru, ni kinyume. Mtoto wa jicho hukua kwa miezi. Mgonjwa anamwona akija, anangoja mvua zipite, anauza mbuzi, anangoja gari la kambi ya macho, na akifika hupasuliwa na uoni ukarudi. Maambukizi ya ndani ya jicho hayamngoji mtu auze mbuzi. Dhara la mara kwa mara linalosubiri linavumilika mahali ambapo dhara la nadra lisilosubiri halivumiliki, na daktari anayechagua kati ya njia mbili za kuzuia kovu kwa mgonjwa wa nyikani anapaswa kuyapanga madhara kwa muda yanaoutoa kabla ya kuyapanga kwa wingi wake. Mchubuko wa kioo hutoa siku. Jicho lililolegea kwa presha kushuka kupita kiasi hutoa majuma. Mtoto wa jicho hutoa mwaka. Mvujo hutoa muda mrefu sana, lakini kimyakimya, ndiyo maana unadanganya.

Wala unadra si tabia ya dawa peke yake. Khaw na wenzake wa London walilinganisha watoto na vijana waliowekewa mitomaisini ile ile, tofauti ikiwa ni mahali utando ulipokatiwa, na wakachapisha matokeo 2003. Utando ulipokatiwa nyuma, mbali na ukingo wa mboni, kovu la mshono liliyazuia maji yasienee, lengelenge likawa dogo, jembamba, la kuvimba, na asilimia 20 ya macho hayo yakapata maambukizi. Ulipokatiwa mbele, lengelenge lilienea likatulia, na hakuna jicho hata moja lililoambukizwa. Kundi lilikuwa dogo, sharti lisemwe, lakini funzo lake limebadilisha namna upasuaji huu unavyofanywa duniani. Kwa mgonjwa wa mbali, ustadi huu unapita uangalizi wowote wa baadaye, kwa kuwa unafanywa mara moja, siku ile ile aliyofika, na anarudi nao nyumbani.

Yapo yanayosemwa kwa wepesi mno, na moja ni kwamba Mwafrika hufanya kovu kuliko wengine. Lina chembe ya ukweli, kwa kuwa upasuaji bila dawa umeshindwa mara nyingi zaidi kwa watu weusi katika nchi kadhaa. Lakini uchunguzi wa London wa 1994 ulionyesha kwamba matone ya glakoma yaliyotumiwa kwa muda mrefu kabla ya upasuaji huuchosha utando na kuujaza chembe za uvimbe, na upasuaji ukashindwa zaidi. Macho yanayofika yamechelewa, yenye presha ya juu sana, nayo yana historia yake. Tukisema "damu ya Kiafrika" na kuishia hapo, tumekwepa kuuliza kwa nini alifika amechelewa, na swali hilo ndilo tunaloweza kulifanyia kazi.

Kuchelewa ndiko hasa kulikomfanya Dkt. Helen Roberts aanzishe mwaka 1993 kituo cha macho cha Kwale District Eye Centre, karibu na Diani. Kituo hicho kilijengeka juu ya wahudumu waliozunguka vijijini kuwatafuta watu wenye shida ya macho na kuwafikisha kwenye tiba, badala ya kungoja wajilete. Wengi waliotafutwa walikuwa na mtoto wa jicho, na ni sawa hivyo: huo ndio upofu unaotibika kwa upasuaji mmoja. Glakoma haifuati utaratibu huo. Mwenye mtoto wa jicho akishapasuliwa hadithi yake karibu imekwisha. Mwenye glakoma akishapasuliwa ndiyo kwanza imeanza. Uchunguzi wa Kongwa, katikati ya Tanzania, nchi kavu ya wafugaji kama Taru, uliochapishwa 2000, uliikuta glakoma kwa kiasi cha asilimia 4 ya watu waliovuka miaka 40, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa. Hakuna sababu ya kudhani nyika ya Kinango ina afueni kubwa kuliko hiyo.

Mtu atauliza, kwa nini basi upasuaji? Si wapewe matone? Swali ni la haki, na jibu liko katika mwendo ule ule. Matone ni ya kila siku hadi kufa. Lazima yanunuliwe mwezi baada ya mwezi, na ugonjwa usiouma haumkumbushi mtu kununua. Latanoprosti, mojawapo ya yaliyo bora, hutakiwa kukaa kwenye friji kabla chupa haijafunguliwa. Kwa mtu wa Diani mwenye duka la dawa hatua mia mbili kutoka nyumbani, matone ni tiba nzuri. Kwa mtu wa Taru ni safari isiyokwisha, na siku mfuko unapokauka tiba imekatika bila yeye kuhisi chochote.

Wengine watasema mgonjwa alazwe hospitali majuma mawili, apewe sindano zake zote, na hoja yangu ianguke. Zipo hospitali zilizowahi kuwaweka wagonjwa wa mbali hivyo, na kwa jicho lililokwisha kushindwa mara mbili huenda ni busara. Lakini kulazwa kunatibu majuma mawili tu. Madhara niliyoyatilia uzito ni ya mwaka wa pili na wa tano. Kinachotakiwa Taru ni maarifa machache yakae huko huko: kwa mke, kwa mjukuu, kwa mhudumu wa afya wa kijiji, kwa nesi wa dispensari. Jicho lililopasuliwa presha likigeuka jekundu, likatoa uchafu, likauma au likapoteza nuru, safari ni leo, na si siku ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Apewe matone ya antibiotiki papo hapo, na simu itangulie. Asipewe matone ya steroidi peke yake, yanayofifisha wekundu huku vijidudu vikila. Maneno hayo yasemwe Kiduruma na Kidigo, yasemwe mbele ya atakayemsindikiza, na yarudiwe kila anapoonekana. Dawa inayozuia kovu kwa miaka mingi inastahili onyo linalodumu miaka hiyo hiyo.

Siku za karibuni imekuja njia isiyoacha lengelenge kabisa. Katika hospitali ya KCMC huko Moshi, ng'ambo ya pili ya nyika ile aliyoivuka Rebmann, wagonjwa 201 walipangwa ama kutumia matone ya timololi ama kupigwa leza ya dakika chache kwenye mifereji ya maji ya jicho. Matokeo yalichapishwa 2021: baada ya mwaka, tiba ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza na asilimia 31 ya yaliyowekewa matone. Leza haikati utando, haihitaji fluorourasili wala mitomaisini, na haiachi mlango wa vijidudu. Mtu wa Taru akiipata mapema inaweza kumtosha kwa muda, ingawa huenda ikahitaji kurudiwa. Lakini katika macho mia, 39 hayakutulia, na yako mengine yanayofika yamebakiwa na uoni mwembamba kama wa kuchungulia kwenye mwanzi, ambayo daktari hawezi kuyajaribia kitu kwa mwaka mzima. Hayo yataendelea kupelekwa kwenye meza ya upasuaji, na pembeni ya meza hiyo sponji zitaendelea kuhesabiwa zinapoingia na zinapotoka.